Miti Arobaini ya Mama Godelive

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na bidoni yangu ya njano, dumu la lita ishirini, tulishuka hadi chemchemi ya Mayi Baridi, chini ya mtaa wetu hapa Bunia. Foleni ya pale ina sheria zake. Aliyefika kwanza huchota kwanza, na aliyechelewa huapa kwamba bidoni yake ililala pale tangu jana. Wamama husengenya, watoto husukumana, na wamotari huosha pikipiki zao juu kidogo ya maji ya kunywa, kisha jioni wanashika tumbo na kuuliza nani amewaloga.

Mwaka ule foleni ilipata chakula kipya: uchaguzi wa madiwani wa komini, sehemu yetu ya mji. Kila mwenye suruali iliyopigwa pasi alikuwa mgombea. Mimi, Denise, wa miaka kumi na mitatu, sikumheshimu hata mmoja wao. Nilikuwa na kipaji cha kuiga sauti zao, na rafiki yangu Aimé alikuwa akicheka mpaka anamwaga maji aliyochota. Kwa sababu ya kipaji hicho nilijiona nina akili kuliko komini nzima.

Aliyetulisha kicheko zaidi ni Papa Donatien. Alikuwa na depo kubwa ya mbao kando ya barabara, na miti iliyolala mle ndani ingetosha kuvisha kilima kizima. Basi mtu huyo huyo aliamka siku moja, akachapisha sura yake kwenye fulana mia tano, na chini ya kidevu akaandika: “Rafiki wa Mkulima, Baba wa Miti.” Baba wa miti! Kama ni baba, basi ni baba anayeuza watoto wake kwa mita.

Alianza kwa kugawa majembe. Yalikuwa mapya, yaling'aa, na hayakuwa na mipini. Bibi yake Aimé aligeuza lake huku na huku.

“Mupini iko wapi?” aliuliza.

“Mupini mutapata kisha kura, koko,” alijibu ajenti wa Papa Donatien, kana kwamba huyo ni bibi yake mwenyewe.

“Aa. Na kula, nitakula pia kisha kura?”

Watu walicheka sana, lakini kila mmoja alinyoosha mkono akapokea jembe lake kipara. Hilo ndilo lililonichoma. Mdomo unamcheka mtu, mkono unamshukuru.

Wiki iliyofuata Papa Donatien alikuja chemchemini kupanda mti. Mmoja. Alivaa viatu vyeupe na glavu, na nyuma yake alitembea kijana wa kupiga picha. Alipiga jembe mara moja, akauliza kama picha imetoka vizuri, kisha akapiga tena kwa upande wa pili, kwa sababu shavu lake la kulia ndilo alilolipenda. Mti wenyewe ulikuwa mkaratusi, na aliupanda hatua tatu tu kutoka mahali maji yanapotokea. Mtoto yeyote wa mkulima anajua jinsi mkaratusi unavyokunywa.

“Mukaratusi kando ya mayi,” mama yangu alisema polepole, “ni kumupa mulevi ufunguo wa nyumba ya pombe.”

Mama yangu anaitwa Godelive. Tulikuwa na shamba kule Djugu kabla vita havijatufukuza, na hapa Bunia anakodi kipande cha ardhi anapolima lengalenga na mihogo. Wamama wa kikundi chake cha wakulima ndio waliomsukuma agombee. “Utusemee,” walimwambia. “Hawa wanaume wanajua kilimo kwa sahani tu.” Hakuwa na fulana wala muziki. Bango lake moja niliandika mimi, kwa mkaa, juu ya katoni ya sabuni.

Kampeni yake aliianza siku ya salongo. Salongo ni ile kazi ya Jumamosi ambapo mtaa mzima hutoka na majembe na fagio. Kusema kweli nusu ya mtaa hutoka, na nusu nyingine huugua ghafula Jumamosi asubuhi, kisha hupona saa sita. Mama alileta miche arobaini ya mipera aliyokuwa ameotesha nyuma ya nyumba katika vifuko vyeusi. Avenue yetu, ile barabara tunayokaa, ina nyumba arobaini. Kwenye kila mche alifunga kipande cha bati chenye jina la nyumba, na tukaipanda kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi. Kisha akapanda juu ya jiwe.

“Miye sina fulana,” alisema. “Sina chumvi ya kugawa. Niko na miti makumi ine. Kupanda wakati ya mvua, ata mujinga anaweza. Siye tunapanda leo, na mvua inaenda kuisha. Jumamosi ya mwisho mbele ya kura, mukuje tuhesabu pamoja. Kama ata makumi tatu haiko hai, musinichague. Mutu mwenye anashindwa kunywesha miti makumi ine, atatunza komini namna gani?”

Watu walipiga makofi. Muzee Augustin, jirani wa chemchemi, mwenye jino moja na mbuzi mwenye meno yote, alitikisa kichwa.

“Godelive, ile neno ni nzito,” alisema. “Neno nzito inataka shingo.”

Shingo iliyopatikana ilikuwa yangu. Mama alitoka shambani mchana, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba mpaka jioni. “Miti ni yako, Denise,” aliniambia. “Kila jioni, kila muti kopo mbili.” Hesabuni wenyewe: kopo themanini za lita moja, bidoni nne nzima za kupandisha mteremko, wakati wasichana wenzangu wanasukana nywele.

Wiki ya kwanza nilimwagilia vizuri. Wiki ya pili, msafara wa Papa Donatien ulianza kupita kila jioni na muziki, na ajenti wake wakirusha biskuti. Mimi na Aimé tulifuata nyuma. Nilijiambia kwamba ninampeleleza adui wa mama, kwamba mchekeshaji lazima apate vitu vipya vya kuiga. Kumbe nilikuwa nafuata biskuti. Nawaambia bila aibu, biskuti za mnafiki zina utamu uleule wa biskuti nyingine.

Jioni mama alirudi, akatia miguu yake iliyovimba kwenye beseni.

“Denise, ulimwanga mayi?”

“Niliisha, mama.”

“Miti iko namna gani?”

“Iko bien, muzuri tu.”

Hakuuliza mara ya pili. Angeuliza mara ya pili, labda ningesema kweli. Lakini aliniamini kwa jibu la kwanza, akalala.

Majirani nao hawakunisaidia. Walipita kando ya miti yenye majina yao, bidoni zimejaa mpaka zinamwagika, na hakuna aliyepunguza hata kikombe. “Ni miti ya mugombea,” walisema. “Anyweshe yeye.” Watu wa ajabu. Jina lao limekauka pale wanaliona, wao wanakwenda kupika sombe.

Mvua ilikatika kabisa. Vumbi jekundu likapanda mpaka kwenye meno. Alhamisi, siku mbili kabla ya ile Jumamosi ya kuhesabu, nilipanda mteremko. Mipera iliyokuwa hai ilikuwa tisa, ile ya chini kabisa karibu na tope. Mingine thelathini na mmoja ilikuwa vijiti vya kiberiti.

Nilikaa chini. Nikasoma majina kwenye vibati, kimoja kimoja.

Wazo lililokuja baadaye lilikuwa langu. Aimé hana mawazo, ana panga tu. Ijumaa baada ya shule tulikwenda kwenye mpera mkubwa ulio nyuma ya shule yetu, tukakata matawi thelathini na moja yenye majani mazuri. Tuling'oa miche iliyokufa, tukachomeka matawi kwenye mashimo yaleyale, tukayafungia vibati vya majina, tukashindilia udongo na kumwaga maji juu. Tulirudi nyuma kutazama.

“Iko muzuri kupita ile ya kweli,” alisema Aimé.

Na ilikuwa hivyo. Matawi yalisimama wima, kijani kibichi, yanapepea. Ile tisa ya kweli, yenye majani mawili mawili na vumbi, ilionekana kama maskini waliokuja harusini bila kualikwa.

Jumamosi mtaa wote ulikuja, hata wale wanaougua siku ya salongo. Papa Donatien naye alifika na viatu vyake vyeupe, megafoni, na ajenti wawili, vijana wa avenue ya pili. Alikuwa ameona jinsi jua lilivyokuwa kali, akaja kula kushindwa kwa mama kama mtu anayekuja kula samaki wa ziwani kule Tchomia.

Walihesabu kwa sauti. “Moja! Mbili! Tatu!” Walipofika arobaini, wamama wa kikundi walipiga vigelegele. Uso wa Papa Donatien ulikunjika kama fulana yake ya bure baada ya kufuliwa mara moja. Nilitamani kucheka. Lakini mama aliweka mkono juu ya kichwa changu, mbele ya watu wote.

“Huyu ndiye alinywesha,” alisema. “Miye nilitembea tu na mudomo. Pigeni makofi kwake.”

Walinipigia. Sijawahi kusikia makofi yanayouma hivyo.

Hapo ndipo mbuzi wa Muzee Augustin aliponusa majani. Alipita katikati ya miguu ya watu, akauma tawi lenye kibati cha jirani yetu Kamate, akavuta. Mche uliokaa ardhini wiki sita hupigana na mbuzi kidogo. Huu haukupigana. Ulitoka wote kwa wepesi, na chini yake hapakuwa na hata uzi mmoja wa mzizi, ila mkato mweupe wa panga, mshazari, safi.

Mbuzi peke yake aliendelea kutafuna.

Papa Donatien alikanyaga tope na viatu vyake, akang'oa tawi la pili, la tatu, la nne. Akashika megafoni.

“Wapendwa! Mama huyu amepanda kuni! Ndiye alitaka mumpe komini?”

Kicheko kililipuka. Watu waliokuwa wanapiga makofi dakika mbili nyuma walicheka kwa vinywa vilevile. Mama aliokota tawi moja, akautazama mkato wake. Ndipo rafiki yake wa kikundi, Mama Musoki, akaruka mbele na kidole juu.

“Ni watu ya Donatien!” alipiga kelele. “Waling'oa miti yetu, wakaweka matawi kwa kutuaibisha! Nani mwengine iko na panga na haya hana?”

Watu wakaamini papo hapo. Kwa nini wasiamini? Mtu anayegawa majembe bila mipini unaweza kumwaminia ubaya wowote. “Ni yeye! Ni yeye!” Kijana mmoja, mmotari, aliinama akaokota jiwe. Wale ajenti wawili walirudi nyuma, mmoja akijifunika kichwa. Hapa kwetu kila mtu, hata mtoto, anajua jiwe la kwanza haliendi peke yake.

Aimé alininong'oneza: “Nyamaza, Denise. Nyamaza tu. Mama yako atapita.”

Ilikuwa kweli, ningenyamaza mama angepita. Na nilimdharau Papa Donatien kwa moyo wangu wote, kwa ajili ya mbao zake, mkaratusi wake na shavu lake la kulia. Alistahili aibu ya kila aina. Aina hii peke yake hakuistahili. Nikamtazama mama. Hakuwa anamtazama Donatien wala mwenye jiwe. Alikuwa ananitazama mimi, mikono yangu hasa, iliyokuwa bado na utomvu wa mpera kwenye kucha.

Niliinyakua megafoni mkononi mwa Papa Donatien kabla hajajua.

“Ni miye!” nilisema, na kile chombo kikapiga yowe hata mbwa wakabweka. “Si yeye! Ni miye nilikata. Miti kenda tu iko hai, ingine ilikufa kwa sababu sikuinywesha. Nilikuwa nafuata biskuti. Mama hakujua. Nilimudanganya kila jioni.”

Sauti yangu ilitoka kubwa kama ya mgombea, kisha ikakatika. Yule mmotari aliangusha jiwe lake, akajipangusa mkono kwenye suruali kana kwamba alikuwa ameshika kitu kingine. Mmoja wa ajenti alikaa chini palepale.

Muzee Augustin aliokota tawi moja, akalichunguza akiwa amelisogeza karibu na jicho.

“Mupera!” alisema kwa dharau. “Mutoto ya mulimaji, na unachomeka mupera? Ungekata mukuyu, mujinga weye. Tawi ya mukuyu ukiisimika kwenye mayi inashika. Ata uwongo yako ingeota mizizi.”

Hapo walicheka wote, na safari hii walikuwa wananicheka mimi. Mwaka mzima nilikuwa nawarushia watu kicheko kama mtu anayerusha maganda ya ndizi. Sikujua kina uzito gani kikikuangukia.

Mama alipanda juu ya jiwe lilelile.

“Nilisema makumi tatu,” alisema. “Iko kenda. Neno ni neno. Musinichague.”

“Godelive!” alilia Mama Musoki. “Ni kosa ya mutoto!”

“Neno ilikuwa yangu. Jumamosi inayokuja niko hapa na jembe. Mwenye kuja, akuje.”

Alishuka, akanishika mkono, tukaenda nyumbani.

Nilingojea fimbo. Fimbo ingekuwa rahisi. Mama alileta beseni, akatia miguu yake, akaniambia nikae.

“Mama, uko na kasirani?”

“Ya watu wawili,” alisema. “Ya kwanza ni weye. Tawi inakaa kijani siku mbili bila muzizi. Ndiyo maana muongo anapenda siku mbili za kwanza. Ya tatu mbuzi anakuja. Ya pili ni miye. Nilisimama mbele ya watu nikaahidi, kisha nikachukua ile ahadi nikaiweka juu ya kichwa ya mutoto, na sikupanda kule juu ata siku moja kuangalia. Ndiyo namna siye wakubwa tunadanganya, Denise: tunaahidi na mudomo yetu, tunabeba na shingo ya mwengine. Mutu asitoe ahadi yenye hana nguvu ya kubeba yeye mwenyewe. Na mwenye kubeba, akishindwa, aseme mapema, muti ukiwa bado na majani.”

Kisha akanisogezea beseni nami nikatia miguu yangu.

Kura zilipigwa. Kama mnangoja hadithi imwadhibu Papa Donatien, poleni. Alipita, tena kwa kura nyingi. Waliomcheka ndio waliompa. Mipini ya majembe bado tunaingojea.

Jumamosi iliyofuata nilifikiri tutakuwa wawili tu kwenye mteremko. Wa kwanza kufika alikuwa Muzee Augustin, na matawi manene ya mkuyu begani. Mbuzi alikuwa amemfunga kwa kamba fupi. Nyuma yake Mama Musoki, na nyuma yake wengine, wanajikokota, hawataki kuonekana wana haya. Karibu kila nyumba ilikuta kibati chenye jina lake kando ya shimo tupu. Si rahisi kulipita jina lako likiwa limesimama kwenye kaburi.

Mama alikuwa na miche mingine michache nyuma ya nyumba. Kulipopungua mipera tulisimika mikuyu. Kisha yeye na Muzee Augustin wakaongeza sheria moja kwenye foleni ya Mayi Baridi: kila mwenye kuchota hupeleka kwanza kopo mbili kwenye mti wa nyumba yake. Asiyepeleka anarudi mwisho wa foleni. Hata wanaoapa kwamba bidoni yao ililala pale tangu jana wanapeleka. Mvua iliporudi, miti thelathini na sita ilikuwa hai, na safari hii nilihesabu kwa kuivuta kidogo, mmoja mmoja. Ilinikatalia yote.

Mkaratusi wa Papa Donatien tuliung'oa siku ya salongo. Diwani alimtuma ajenti aulize nani amethubutu.

“Mwambie akuje,” alijibu Muzee Augustin, “achukue ubao yake.”

Hakuja. Viatu vyeupe havijaonekana kwenye mteremko ule mpaka leo. Lakini fulana zake zilisaidia. Zilikuwa zimeanza kuchanika, kwa hiyo mimi na Aimé tulizikata vipande, tukafungia miche kwenye vijiti ili upepo usiivunje. Sasa ukipanda kule juu utaona Baba wa Miti ameushika mti kwa kidevu, mwingine kwa sikio, mwingine kwa lile shavu la kulia.

Jioni moja nilisimama mbele ya shavu hilo nikaiga sauti yake: “Wapendwa! Leo kwa mara ya kwanza ninafanya kazi!” Aimé alijiviringisha chini kwa kicheko. Mama alikuwa anapanda mteremko na bidoni kichwani. Alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka maji yakamwagika shingoni.

“Cheka, mutoto,” alisema, akanipa kopo. “Mudomo ucheke. Mukono unyweshe.”

Nikainama, nikaanza na mti wa nyumba yetu.